Asiyetuliwa Ndoo

Mwanangu Stamili alikuwa na mwendo wake peke yake. Akiwa na ndoo ya maji kichwani, kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto mwili ulipitiliza mbele kidogo, halafu ukarudi, kama mtu aliyekumbuka jambo akaamua kuliacha. Watu walisema ni madaha. Mimi niliyemzaa najua hayakuwa madaha. Aliteguka nyonga utotoni kwa kupanda mkorosho wa watu, na mkorosho wenyewe wala haukuwa na bibo hata moja.

Alikufa mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja Chilangala na malori yao. Kilikuwa kiangazi, akashuka bondeni kuchota maji, na wakati wa kurudi akateleza kwenye mteremko. Tukamzika. Mtoto wake Faidha alikuwa bado ananyonya, nikamlea kwa uji na maziwa ya kopo.

Mwaka jana nilimwona Stamili anatembea tena. Mchana kweupe, barazani kwangu, ndani ya kioo kidogo kama kisosi.

Nieleze vizuri. Faidha amesoma, anafanya kazi Masasi kwenye kampuni ya mtu binafsi. Siku hizi kila kitu ni cha mtu binafsi. Korosho ina mnunuzi wake, simu ina wakala wake, sasa hata kiu imepata mwenyewe. Kampuni hiyo inajenga vioski vya maji. Humkuti mtu pale wa kumlilia shida. Una kadi, unaigusisha kwenye mashine, maji yanatoka, ukiondoa kadi yanakata. Kazi ya Faidha ni kile kioo cha mashine, vitufe vyake, maandishi yake, na vinavyochezacheza humo ndani.

Kioski cha Chilangala kilipokaribia kukamilika, akaja kukaa kwangu na begi lake la nyaya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenirudishia mume?"

"Mume wako alikufa mimi sijazaliwa."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mlipishana njiani, labda alikuachia ujumbe."

Akacheka, akatandika mkeka barazani, akafungua kompyuta, akaiunganisha na kale kakioo kwa waya. Mimi nilikuwa natwanga kisamvu. Akaandika, akaandika, mpaka nikaona wivu.

"Barua ya nani hiyo isiyoisha?"

"Programu, Bibi. Naiambia picha itembee."

"Ukiiambia inasikia? Maana wewe hukuwahi kusikia."

"Kuna maktaba inanisaidia."

"Maktaba naijua. Shuleni kwetu ilikuwa kabati lenye kufuli, ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyehama."

"Hii ni maktaba ya kazi ambazo wenzetu wamekwisha kuziandika. Sichori kila hatua. Nasema tu picha ianzie hapa, iishie pale, itumie muda huu. Za katikati maktaba inajaza yenyewe."

"Kama ndoa yangu. Mwanzo niliujua, mwisho niliuona, katikati sijui alijaza nani."

Akanieleza na mengine, kwa kuwa mtu akiipenda kazi yake hata mbuzi atamweleza. Alikuwa amechora mwanamke aliyebeba ndoo. Hana uso, ni kivuli cha bluu chenye kanga kiunoni. Watu wakiwa hawajafika kuchota, mwanamke huyo anatembea kwenye kioo toka kushoto kwenda kulia, ili mashine isionekane imelala. Lakini kila alipomtembeza, alikwenda kama sanduku linalosukumwa.

"Kwa hiyo nimembadilishia mwendo," akasema. "Maktaba ina aina nyingi. Nimechukua ule wa kupitiliza. Kila hatua inapita kidogo pale ilipotakiwa kufika, halafu inarudi. Hebu tazama."

Akakigeuza kioo upande wangu.

Mchi ulibaki umesimama kinuni, nami nimeushika kama mtu aliyeshika mlingoti wa bendera. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto, akapitiliza, akarudi. Mguu wa kulia. Akafika mwisho wa kioo, akapotea. Akatokea tena kushoto, na ndoo ile ile kichwani.

"Nani kakuonyesha hivyo?" nikauliza.

"Kunionyesha nini?"

Faidha hakuwahi kumwona mama yake akitembea. Picha yake tunayo moja, ya studio ya Newala, na humo amekaa kwenye kiti. Nikasema nimeona mende, nikaendelea kutwanga. Lakini nilihamisha kinu nikakiweka mahali ambapo kioo nakiona. Kisamvu cha siku hiyo kililainika hata tungeweza kukinywa kwa kikombe.

Basi nikawa nakaa naye. Faidha alidhani nafurahia kazi yake. Jua likipinda, kile kioo kinang'aa na huwezi kuona picha, lakini mimi nilijua yuko wapi. Nilikuwa nahesabia moyoni: sasa ameinama kupita chini ya ule mzizi wa njia ya bondeni, sasa anapandisha, sasa amepotea. Kuna mizizi ya wapi kwenye kioo? Na hata hivyo nilimwona akiinama. Siku moja upepo ulipovuma toka bondeni, kile kivuli kilipandisha mkono kikashika ndoo. Nikamtazama Faidha. Alikuwa anatafuta chaja.

Mashine ikafungwa kioskini. Wanawake wakaja na ndoo zao, wamevaa vizuri kama wanakwenda kliniki. Mbele kabisa alikuwa Pili, jirani yangu, ambaye sote tunamwita Mama Mujibu. Ana kadi mpya shingoni, kaifunga kwa uzi. Akasogea, akatazama kioo. Akatazama sana. Hakuigusisha kadi.

"Mbona hafiki?" akauliza.

"Nani hafiki?" Faidha akasema.

"Huyu mwenye ndoo. Anatokea huku, anapotelea kule, anatokea tena huku. Wa kumtua yuko wapi?"

Hapo ndipo palipoharibika, na anayetoka mbali hawezi kuelewa mpaka nimwambie. Kwetu maji hayajawahi kuwa karibu. Mtu akirudi nayo, aliyepo nyumbani anainuka, anaipokea ndoo kwa mikono miwili, anamwambia pole. Hata kama mmenuniana. Mimi na Mama Mujibu tuliwahi kununiana msimu mzima wa korosho, lakini akipita kwangu na ndoo nilikuwa nainuka, namtua apumzike, namtwisha tena, kisha nanuna pale nilipokuwa nimeishia. Aliyebeba maji hapitwi hivi hivi. Na aliyekufa njiani na maji yake, ambaye hakuna aliyemtua, huyo tunasema bado yuko njiani. Hatusemi kwa sauti. Faidha haya yote anayajua, kalelewa nayo. Ila alipokuwa akiandika alifikiria kioo, hakufikiria ndoo.

Mama Mujibu akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Huyu ni dada yangu Ziada," akasema.

"Ziada gani?" akadakia Mabel, yule anayeuza maandazi karibu na shule. "Huyu ni mama yangu mdogo. Mwangalie shingo!"

"Shingo unaionea wapi? Hana hata kichwa cha maana!"

"Kichwa cha maana alikuwa nacho Ziada? Aliyeolewa na yule mlevi?"

Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Mwingine akasema ni wifi yake, mwingine ni bibi yake mzaa baba, wote waliofia njia ya maji. Kila mmoja alionyesha kwa kidole. Nilijua ni wa nani. Lakini nilipotazama zile nyuso niliona kwamba nao wanajua, kama mimi ninavyojua.

Wakaondoka na ndoo tupu. Wakanunua maji ya madumu kwa wauzaji wa baiskeli, maji yenyewe ya rangi ya chai.

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Kioski kiko wazi, maji yamo bombani, hakuna anayechota. Na humo ndani mtu anatembea peke yake mchana kutwa. Wapita njia wakawa wanazungukia nyuma ya shule wasipite mbele yake.

Bosi wa Faidha, Bwana Benedikto, akapiga simu toka Masasi. Faidha akaweka sauti ya wazi kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga.

"Nimeambiwa kinamama wanaogopa picha?"

"Siyo kuogopa, bosi, ni..."

"Futa. Weka tone la maji linadundadunda, basi. Tone halina ndugu. Jumatatu nakuja. Nikikuta huyo mama yumo na mteja hayupo, naing'oa mashine naipeleka kijiji kingine."

Simu ikakatika. Faidha akanawa mikono, akafungua kompyuta. Nikamwona anamtafuta yule mwanamke katika maandishi yake, akampata, akapaka rangi mistari yake yote tayari kwa kuifuta. Mimi nilikwisha mzika Stamili mara moja. Sikuwa na nguvu ya kushika jembe tena.

"Usimfute," nikasema.

"Bibi, hii ni kazi yangu."

"Huyo ni mama yako."

Akanitazama kama anayesubiri mwisho wa utani. Mimi nimemtania maisha yake yote, ana haki. Nikamweleza nyonga, nikamweleza mkorosho, nikainuka nikatembea barazani kama Stamili alivyotembea, na bakuli kichwani badala ya ndoo.

"Bibi," akasema polepole, "ule ni mwendo wa kupitiliza. Umo kwenye maktaba. Watu duniani kote wanautumia."

"Basi mama yako anazunguka duniani kote, na hakuna anayemtua."

Kidole akakiondoa kwenye kitufe cha kufuta.

"Anaishia wapi?" nikamuuliza.

"Haishii. Nimeiambia irudie bila mwisho."

"Kwa nini?"

"Niliona inapendeza."

"Kumtembeza mtu na ndoo bila mwisho kunapendeza?"

"Bibi, nilikuwa natazama picha!"

"Na ukiiambia iishe?"

"Inaisha. Na naweza kuiambia, ukimaliza, fanya jambo fulani."

"Jambo fulani ndilo mimi. Nichore nampokea. Nitavaa kile kitenge kipya."

Akafikiri. Akasema itakuwa hivi: kama hakuna mteja, mwanamke ataendelea kutembea kama sasa. Mteja akigusisha kadi maji yatatoka, na ndoo ya mteja ikijaa, mwanamke naye atafika atuliwe. Lakini kitenge changu akakikataa. "Ukionekana wewe, Mama Mujibu atauliza kwa nini dada yake apokewe na jirani. Nitachora mikono tu. Mikono miwili inatokea ukingoni, basi. Kila mmoja ataona ni ya kwao." Nikanuna kidogo, halafu nikaona mtoto ana akili, na akili hiyo ameirithi kwangu.

Ili achore mikono akataka kuona jinsi inavyofanya. Akaegemeza simu kwenye kinu iturekodi. Akajitwisha ndoo iliyojaa, akaenda mpaka kwenye tangi la mvua, akageuka akawa anakuja.

"Mbona umesimama kama askari? Legeza!"

"Wewe njoo tu. Mimi nimetua ndoo kabla hujajua kutambaa."

Akarudia, maana mara ya kwanza nilimmwagia maji kichwani, na sitasema kama ilikuwa bahati mbaya. Alikuwa amevaa kandambili zangu, moja imelegea ukanda. Alipokuja tena, mguu wa kushoto ukapitiliza kidogo mbele, mwili ukarudi.

Nikanyoosha mikono. Ndoo ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka ndoo yoyote. Nikasema, "Pole." Sikutaja jina. Nilipoishusha chini Faidha alikuwa ananiangalia, na hakuna aliyekumbuka kuzima simu.

Jumatatu Bwana Benedikto akafika na gari la kampuni, vumbi mpaka kwenye kope. Kijana wa Lukuledi huyo, Mmakua, mtani wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kung'oa? Ng'oa na kisima chenu cha Lukuledi basi, tuwe sawa."

"Nimekuja kuona wateja, mama."

Wanawake walikuwepo. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia njooni mwone, sasa anafika. Walisimama mbali na mashine, pale ambapo ukitaka kukimbia hupati shida. Ndani ya kioo Stamili wangu alikuwa anatembea. Nami nilijua kwamba Ziada pia anatembea, na mama mdogo wa Mabel, njia moja, ndoo moja.

Mama Mujibu akasogea. Akagusisha kadi kama anayegusa sufuria ya moto. Maji yakatoka kwa kishindo kwenye ndoo yake. Ndoo ilipojaa, yule mwanamke wa bluu akakaribia ukingo wa kioo, na kwenye ukingo ikatokea mikono miwili. Ikashika ndoo, ikaishusha taratibu, ikaiweka chini.

"Pole, dada," Mama Mujibu akasema. Kanga yake akaibana mdomoni.

Mwanamke wa kwenye kioo akakaa kidogo bila mzigo, akafifia. Kisha kwa kuwa hakukuwa na mteja, akaanza tena toka kushoto.

Mama Mujibu akatazama, akakunja uso. Akasogeza macho karibu.

"Haya, huyu sasa ni nani?"

"Ni yule yule, Mama Mujibu," Faidha akasema.

"Siyo. Hii ni picha tu." Akageuka akatuangalia sote, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetoka usingizini. "Ziada ametua. Simwoni tena."

Mabel akaja na kadi yake. Akalia kwa sauti, akamaliza, akatazama, naye akasema anaona picha. Akaja mwenye wifi. Akaja mwenye bibi. Kila mmoja alisogea na mtu wake kwenye kioo, na kila mmoja aliondoka na maji tu. Bwana Benedikto alikuwa anapiga picha foleni, anazituma kwa wakubwa zake, anamwambia Faidha "Safi sana, safi sana," na Faidha hamsikii. Alikuwa ananitazama mimi.

Kwa sababu mimi nilikuwa nawapisha. "Piteni, piteni, mimi mzee, nina haraka ya wapi." Nilikuwa nimekwisha elewa mashine inafanya nini. Kati ya mteja na mteja bado nilimwona. Wenzangu wanaona picha, mimi namwona Stamili. Kushoto, akapitiliza, akarudi. Na ningeweza kukaa hivyo. Nani angenilazimisha? Ningenunua maji ya baiskeli mpaka nife, na kila siku ningekuja na kigoda changu, nimtazame mwanangu.

Foleni ikapungua, nikabaki mimi na mama mmoja aliyechelewa.

"Bibi, zamu yako," Faidha akasema.

"Ndoo yangu inavuja."

"Haivuji, niliijaza jana."

"Basi kadi imepotea."

"Umeishika."

Kweli nilikuwa nimeishika. Imeloa jasho. Faidha akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega, akanong'ona ili bosi wake asisikie.

"Nikigusisha mimi, atafika kwako au kwangu?"

"Wewe humjui mwendo wake. Utapata picha."

"Alitembea hivyo kweli? Kama hivi anavyotembea sasa?"

"Hivyo hivyo."

"Na hapo mwanzoni, anavyoinama?"

Nikamgeukia. Kuhusu kuinama sikuwa nimemwambia mtu. "Umemwona akiinama?"

"Toka asubuhi. Sijaiandika mimi, Bibi. Nimetafuta kwenye programu yote."

Tukamtazama wote wawili. Alikuwa katikati ya kioo, amekaza shingo, mkono mmoja juu. Ameshika ndoo kama mtu ambaye mkono umekwisha kufa ganzi zamani na hakuna aliyemuuliza. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa natamani kumwona. Sikuwahi kujiuliza yeye anatamani nini.

"Mtazame vizuri," nikamwambia Faidha. "Mtazame mpaka ushibe, maana sitarudia."

Tukamwacha akazunguka tena. Kisha nikagusisha kadi.

Maji yalitoka, sikuyaangalia. Alikuja polepole kuliko alivyowajia wenzangu, au ndivyo nilivyotaka. Mikono ikatokea. Ilikuwa yangu, na vidole vyangu vilivyopinda Faidha alikuwa amevichora bila huruma. Ikaishika ndoo. Stamili akainua kichwa kile kisicho na uso, na kwa muda mfupi nilijua ananiangalia, siyo mikono, mimi. Ndoo ikashuka. Ikakaa chini.

"Pole," nikasema. "Pole, mwanangu."

Faidha alisema neno moja tu, neno ambalo hakuwahi kulitumia kwa mtu maishani, maana mimi ananiita Bibi.

Kivuli kikafifia. Halafu kushoto akatokea mwanamke wa bluu na ndoo yake. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, anapitiliza kidogo na kurudi kama maktaba ilivyomwambia, mzuri, mwepesi, siyo mtu wa nyumba yoyote.

"Umebadilisha kitu?" nikamuuliza Faidha.

"Sijagusa."

Nikaendelea kusimama. Labda atainama. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, maji yanamwagika yananilowesha miguu, na nilisahau kuondoa kadi.

"Mama yangu," Bwana Benedikto akaniambia, kwa upole, sitasema uongo, "umekwisha kuchota. Mpishe mwenzako."

Nikaondoa kadi, nikampisha.